Daftari la Nyumba: Mume na Mke wa Yide Lu Wakati wa Korona

Mume na mke wanaofanya biashara pamoja huonana kutwa, lakini mara nyingi huonana mbele za watu: dukani yupo muuzaji, ghalani yupo mpagazi, simuni yupo mteja. Korona ilipofunga milango ya Guangzhou, China, mwanzoni mwa mwaka 2020, wanandoa wa aina hiyo walijikuta wawili peke yao, kama siku za fungate, ila bila furaha ya fungate. Kumbukumbu hizi ni za mume na mke kutoka Dar es Salaam, mawakala wa mizigo, waliokuwa wamepanga chumba juu ya maduka ya Yide Lu. Zinaeleza walivyogawana saa, jiko, fedha na hofu, na yapi yaliwafaa na yapi yaliwadhuru.

Mtaa na chumba

Yide Lu ni barabara ya maduka ya jumla katika wilaya ya Yuexiu, ndani ya mji wa kale wa Guangzhou, kaskazini kidogo mwa Mto Zhujiang. Mashariki inaanzia karibu na Uwanja wa Haizhu, magharibi inaishia barabara ya Renmin. Sifa yake kubwa ni vyakula vikavu vya baharini: kamba, ngisi, samaki wa chumvi, mapezi ya papa na majongoo bahari. Kwa mtu wa Mafia, Kilwa au Unguja harufu ya mtaa huo si ngeni, na hata majongoo yenyewe si mageni, kwa kuwa kwa miaka mingi yamevuliwa katika pwani hizo ili yapelekwe kwa Wachina. Pembeni mwa maduka hayo yapo majengo ya midoli, vifaa vya shule, mapambo na zawadi. Hayo ndiyo yanayowavuta wafanyabiashara wa Kariakoo ya Dar es Salaam, Eastleigh ya Nairobi na Kikuubo ya Kampala.

Kwenye barabara hiyohiyo linasimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe kati ya mwaka 1863 na 1888. Wenyeji huliita Shishi, maana yake nyumba ya mawe, na kabla ya korona Waafrika wengi Wakatoliki walisali humo Jumapili. Waislamu, wakiwamo wanandoa hawa, walikwenda Msikiti wa Huaisheng katika barabara ya Guangta, mwendo mfupi kuelekea kaskazini.

Nyumba nyingi za zamani za eneo hilo zina maduka chini na makazi juu. Ghorofa za juu hutokeza mbele na kushikiliwa na nguzo, hivyo mpita njia hutembea kivulini kama anayepita barazani. Wenyeji huziita qilou. Chumba cha wanandoa hawa kilikuwa ghorofa ya tatu: kitanda, meza moja, kiti kimoja karibu na dirisha, jiko la kusimama mtu mmoja na choo. Chini ya kitanda zilijaa sampuli za bidhaa.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mteja wa Kariakoo alituma picha ya bidhaa pamoja na arbuni. Wao walitafuta duka, wakapatana bei, wakalipa, wakakusanya katoni ghalani, na mizigo ya wateja kumi au ishirini ikachangia kontena moja la kwenda Dar es Salaam. Mume alishika simu. Mke alizunguka madukani, akahesabu katoni na kupima ujazo, ule ambao wafanyabiashara huuita sibiemu. Yeye pia ndiye aliyeshika daftari: jina la mteja, duka, bidhaa, idadi ya katoni, ujazo, fedha iliyolipwa na iliyobaki. Daftari hilo lina sehemu kubwa katika kumbukumbu hizi.

Milango inafungwa

Mgonjwa wa kwanza wa Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, alithibitishwa Januari 19, 2020. Januari 23 mji wa Wuhan ulifungwa, na siku hiyohiyo Guangdong ikatangaza hali ya dharura ya afya ya daraja la kwanza. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia Januari 25. Siku iliyofuata ikawa lazima kuvaa barakoa mahali pa watu wengi, kisha viwanda na maduka yasiyo ya mahitaji ya lazima yakaamriwa yasifunguliwe kabla ya Februari 10.

Mwanzoni wanandoa hawa hawakushtuka. Kila mwaka Yide Lu hufungwa wakati wa sikukuu, wenye maduka wakarudi kwao, na wageni waliobaki wakaweka akiba ya chakula. Walihesabu kuwa ni likizo iliyorefushwa kidogo. Dalili kwamba mambo ni mengine ilitoka angani: mwishoni mwa Januari Kenya Airways ilisimamisha safari zake za Guangzhou, na mashirika mengine yakapunguza.

Guangzhou haikufungwa kama Wuhan, ambako watu walizuiwa hadi Aprili 8. Mtu aliweza kutoka kununua chakula, lakini kwa utaratibu. Mitaa yenye milango mitatu iliachiwa mmoja. Mlangoni palikuwa na kipimajoto, orodha ya majina na kadi ya kuingilia, na baadaye msimbo wa afya kwenye simu. Wasimamizi walikuwa kamati ya wakazi, chombo ambacho Mtanzania angekifananisha na balozi wa nyumba kumi aliyepewa meza, watu wa kujitolea na mamlaka ya kuhoji nani ametoka wapi. Vifurushi viliachwa kwenye rafu nje ya geti.

Mabadiliko makubwa yalisikika kabla ya kuonekana. Yide Lu ya kawaida ina sauti mbili zisizokoma: magurudumu ya matoroli na mkanda wa gundi unaovutwa kufunga katoni. Sauti zote mbili zilinyamaza. Ndani ya chumba zilibaki sauti za watu wawili.

Saa za nchi mbili ndani ya chumba kimoja

Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Kariakoo inapofungua saa tatu asubuhi, Yide Lu ni saa nane mchana. Kariakoo inapofunga saa kumi na mbili jioni, Yide Lu ni saa tano usiku. Siku za kawaida tofauti hiyo iliwasaidia. Mke alifanya kazi za madukani asubuhi, na mume akaanza simu za wateja mchana hadi usiku, akitembea kando ya mto.

Baada ya kufungiwa, zamu hizo mbili ziliingia chumba kimoja. Mke aliendelea kuamka alfajiri. Mume aliendelea na saa za Kariakoo: kulala asubuhi, kuongea usiku, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za sokoni. Wiki ya pili ulizuka ugomvi wao wa kwanza mkubwa. Haukuhusu jambo lolote zito, ulihusu sauti. Lakini maneno yaliyosemwa usiku huo yalifukua mambo ya miaka sita, kama ilivyo kawaida ya ugomvi wa watu waliochoka.

Walipoanza kusemezana tena, mke alilipindua daftari la mizigo na kuanza kuandika kutoka nyuma. Mbele lilibaki la biashara, nyuma likawa la nyumba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ratiba. Kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, meza ni ya mke. Kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku, meza na simu ni za mume. Baada ya saa tatu ni ujumbe wa maandishi tu, na simu ya dharura ipigwe ngazini. Kila mmoja alipewa pia saa moja ya kiti cha dirishani, ambayo ndani yake hasemeshwi wala haulizwi ana nini.

Saa ile ya kiti ndiyo iliyoleta nafuu kuliko kanuni nyingine zote. Watu wanaoishi nyumba kubwa hupata upweke bila kuuomba: mmoja yuko uani, mwingine sebuleni. Katika chumba kimoja, anayenyamaza hudhaniwa amenuna. Kimya kilichokwisha kuandikwa hakimtii mwenzio wasiwasi.

Hali ya hewa nayo iliongeza mzigo. Kati ya Februari na Aprili, Guangzhou hupata majira ya unyevunyevu ambayo wenyeji huyaita huinantian. Upepo wa joto kutoka kusini hukutana na kuta zilizopoa wakati wa baridi, na kuta hutoa maji, vioo vikatiririka, nguo zikakaa siku tatu bila kukauka. Mtu anayeweza kutoka huivumilia hali hiyo. Aliyefungiwa nayo huamka kila siku akihisi kuwa nyumba inalia. Dawa yao ilikuwa kupanga zamu za kufua: mashuka wiki hii, nguo wiki ijayo, na kila mwenye zamu ajue ni yake.

Jikoni

Kabla ya korona wanandoa hawa walikula nje karibu kila siku, hasa mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika na Waislamu wa magharibi mwa China wana migahawa. Sasa milo mitatu ilitoka kwenye jiko la kusimama mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mke.

Wiki ya kwanza ya daftari la nyumba aliandika kazi za jikoni vilevile alivyozoea kuandika katoni: siku, mlo, aliyepika, aliyeosha vyombo. Mwisho wa wiki hesabu ilisomeka milo 21 kwa jina moja. Hakusema neno. Mume aliposoma ukurasa ule aliuelewa mara moja, kwa kuwa kila siku alisoma kurasa za namna hiyo na kujua mteja gani amebeba mzigo wa wenzake. Tangu siku hiyo kifungua kinywa na vyombo vikawa vyake. Wali wake wa kwanza ulitoka bokoboko na wa pili ukatoka na kiini. Wa tano uliliwa bila maelezo.

Guangzhou ni mji wenye neema kwa mpishi wa pwani. Sokoni kuna magimbi, viazi vitamu, bamia, mchicha na hata matembele, ambayo Wakantoni huyapenda na kuyakaanga kwa kitunguu saumu. Tui la kopo lilipatikana. Kamba wakavu, bidhaa ya mtaa wenyewe, waliingia kwenye mchicha wa nazi mahali pa dagaa. Kilichokosekana ni sembe. Unga wa mahindi wa huko ni wa njano, ule ambao Watanzania wa umri wa wazazi wao walipewa miaka ya njaa na kuuita unga wa Yanga. Wakwe na wazazi walioambiwa kuhusu ugali huo kwa simu walicheka kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Faida ya jiko ilizidi chakula. Siku isiyo na duka wala ghala haina kipimo, na mtu huanza kuuliza kama leo ni Jumanne au Alhamisi. Milo yenye zamu iliwapa asubuhi, mchana na jioni, na iliwapa jambo la kushukuriana. Mume aliyepika alijua ladha ya kusifiwa, na kwa hiyo alijua alichomnyima mwenzake kwa miaka.

Fedha na siri

Jeraha kubwa la kipindi hicho lilitokea upande wa mbele wa daftari. Mwezi Januari mume alikuwa amepokea arbuni za wateja wanane na kuzilipa kwa duka moja ili litengeneze mizigo baada ya sikukuu. Sikukuu ilipita, duka halikufunguliwa. Sababu ilieleweka: mamilioni ya wafanyakazi wa viwanda vya Guangdong hutoka majimbo mengine, na wengi walikwama makwao baada ya mwaka mpya. Lakini wateja wa Kariakoo walitaka mizigo. Kwao maduka yalikuwa wazi, wanunuzi walikuwapo, na bidhaa zilizokuwamo zilikuwa zikipanda bei.

Kwa wiki tano mume hakumwambia mkewe. Kila mteja alipewa maelezo yake, na maelezo hayakufanana. Kanuni ya ngazini, iliyowekwa ili kulinda usingizi, ikageuka maficho. Mke aliona simu za ngazini zikiongezeka hata mchana, akafungua daftari mbele, na kukuta mistari minane yenye fedha iliyotoka bila katoni iliyoingia.

Nyumba pana humpa mwenye siri mahali pa kuiweka. Chumba kimoja hakimpi. Mume alikuwa amepungua kula, na mke alikuwa amedhani kwamba amemchoka. Ukweli ulipojulikana, jambo lililomuuma mke zaidi halikuwa fedha. Ni zile wiki tano za kujilaumu kwa kosa asilokuwa nalo.

Walikaa mezani siku moja nzima. Kwa kila mteja waliandika kiasi, tarehe, ukweli wa hali ilivyo, na nini kinaweza kufanyika. Kisha mke alituma ujumbe wa sauti kwa wote wanane, wenye maneno yaleyale. Watano walikubali kusubiri. Wawili walikubali bidhaa nyingine zilizokuwa tayari. Mmoja alitaka fedha yake, akarudishiwa kutoka akiba ya kodi ya miezi mitatu. Hakuna aliyevunja uhusiano kwa sababu ya hasara. Wateja wawili walisema waziwazi kwamba walichokuwa wanakaribia kukivunja ni uhusiano na mtu anayebadilisha maneno.

Kwenye ratiba iliongezwa sentensi moja: ngazini ni mahali pa kelele, si mahali pa siri.

Waliobaki nyumbani

Wanandoa hawa walikuwa na watoto wawili waliokuwa wakiishi na bibi yao Dar es Salaam. Februari yote bibi ndiye aliyepiga simu kuwauliza hali. Mwezi Machi mambo yaligeuka. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13, Tanzania Machi 16, na Machi 17 shule za Tanzania zikafungwa; wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Juni 29. Sasa walio China ndio waliouliza kuhusu barakoa na maji ya kunawa.

Kutoka nyumbani zilikuja sauti nyingi zenye maelekezo ya nyungu: majani ya mwarobaini na mchaichai, limau, tangawizi, blanketi, na dakika ngapi za kujifukiza. Mume alitaka kubishana na kila ujumbe. Mke aliona kwamba mama mtu mzima anayetuma nyungu anatuma upendo, na upendo haujibiwi kwa kusahihishwa. Walikubaliana kushukuru kwanza, kisha kuomba mambo mawili tu: bibi avae barakoa akienda sokoni, na wageni wapokewe barazani badala ya ndani. Bibi aliyafuata yote mawili. Tanzania ilipoacha kutoa takwimu, baada ya kufikisha wagonjwa 509 katika hesabu iliyotangazwa, habari ya kweli kwa familia ilikuwa ile iliyosemwa na ndugu kwa ndugu, na kwa sababu walikuwa wamesikilizana tangu mwanzo, iliendelea kusemwa.

Siku 14 za Aprili

Maisha yalipoanza kulegea katika mji, yalikaza kwa Waafrika. China ilifunga mipaka yake kwa wageni wengi kuanzia Machi 28, 2020. Mwanzoni mwa Aprili, baada ya maambukizi kugunduliwa miongoni mwa Waafrika wachache wa Guangzhou, mamlaka zilianza kuwapima Waafrika wote. Kwa takwimu za mji wenyewe walikuwa 4,553, kutoka 13,652 mwishoni mwa mwaka 2019, na waliokutwa na virusi walikuwa 111. Wengi waliwekwa karantini ya siku 14 hata kama hawakuwa wamesafiri. Baadhi walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wakalala nje na mabegi yao. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko, na Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika wakati huo, Moussa Faki Mahamat, alimwita balozi wa China katika Umoja huo kumweleza masikitiko yake. Baadaye jimbo la Guangdong likatangaza kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba, hoteli, maduka na usafiri.

Wanandoa hawa hawakufukuzwa. Wahudumu wawili waliovaa nguo nyeupe za kujikinga walikuja, wakachukua vipimo vya koo, wakaweka kifaa mlangoni cha kutoa ishara kila mlango unapofunguliwa, na wakaondoka. Majibu yalikuwa safi. Mlango ulibaki umefungwa siku 14.

Karantini hiyo ilikuwa tofauti na wiki zilizotangulia. Kufungiwa pamoja na mji mzima ni taabu. Kufungiwa wakati majirani wanatoka ni fedheha. Kupitia dirishani waliona Yide Lu ikifunguka, matoroli yakirudi na mkanda wa gundi ukilia tena. Hasira isiyoweza kumfikia aliyeisababisha humwangukia aliye karibu, na katika chumba kile aliye karibu alikuwa mmoja tu. Siku ya tatu walitambua kwamba kila ugomvi ulitanguliwa na video za simu. Waliandika kanuni mbili. Habari zisomwe mara moja kwa siku, baada ya adhuhuri, wote wawili pamoja. Na swali la kurudi Tanzania au kubaki lisiamuliwe ndani ya siku hizo 14, kwa kuwa mume alitaka kurudi, mke alitaka kubaki, na hakuna kati yao aliyekuwa akifikiri kwa utulivu.

Walikosea jambo moja: hawakumwambia bibi. Walidhani wanamlinda. Bibi aliona video za Waafrika wakiwa barabarani na mabegi, akapiga simu, akasikia sauti za kujifanya wachangamfu, na usiku huo shinikizo lake la damu lilipanda. Siku iliyofuata walimwonyesha chumba, mlango, kifaa na chungu kilichokuwa jikoni. Alilala vizuri baada ya kuona, kuliko alivyolala baada ya kufarijiwa.

Chakula kilifika kwa njia mbili. Kamati ya wakazi iliacha mifuko ya mboga mlangoni. Na jirani wa ng'ambo ya ujia, bibi wa Kikantoni aliyefanya kazi maisha yake yote katika maduka ya kamba wakavu, aliacha kila baada ya siku chache kifuko cha kamba na bakuli la supu lililofunikwa. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno ya bei. Alibisha mara mbili na kurudi ndani kabla mlango haujafunguliwa.

Ramadhani na baada yake

Karantini iliisha siku chache kabla ya Ramadhani, iliyoanza wiki ya mwisho ya Aprili. Misikiti ilikuwa bado imefungwa. Mume, ambaye hakuwahi kusalisha tarawehe maishani mwake, aliisalisha akiwa na maamuma mmoja. Futari ilikuwa magimbi ya nazi, uji wa unga wa njano na tende. Kwa wanandoa waliokuwa wakifuturu migahawani kila mwaka, ilikuwa Ramadhani ya kwanza ya nyumbani tangu waondoke Dar es Salaam. Siku ya Idi, mwishoni mwa Mei, mke alikaanga maandazi na kupeleka sahani kwa jirani wa ng'ambo, safari hii akasubiri mlango ufunguliwe.

Swali la kurudi lilijadiliwa Juni, mambo yalipotulia. Waliamua kubaki. Mizigo iliyochelewa iliondoka mmoja baada ya mwingine, ingawa nauli za meli zilipanda na makontena yakawa adimu hadi mwaka uliofuata.

Sehemu za China zilifungwa na kufunguliwa mara kadhaa baadaye. Mei 2021 ugonjwa uliingia wilaya jirani ya Liwan. Novemba 2022 wilaya ya Haizhu, ng'ambo ya mto, ilifungwa kwa wiki kadhaa. Mipaka ilifunguliwa tena Januari 8, 2023. Kila mara vizuizi vilipokaribia Yide Lu, wanandoa hawa hawakuanza upya. Walifungua daftari nyuma, wakasoma ratiba, wakabadilisha tarehe.

Mafunzo

Kumbukumbu hizi zinafundisha mambo machache yanayoweza kutumiwa na wengine. Kwanza, wanandoa wanaobanwa pamoja wanahitaji mipaka ya saa na mahali kabla ya kuhitaji maneno mazuri. Upendo uliokuwapo kabla ya ratiba haukuzuia ugomvi wa sauti, ratiba iliuzuia. Pili, kazi ya nyumbani isiyoandikwa haionekani, na isiyoonekana haigawanywi. Mume wa kumbukumbu hizi hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuonyeshwa hesabu. Tatu, siri ya fedha ndani ya nyumba ndogo haibaki siri. Inageuka tabia, na mwenzio huisoma vibaya. Nne, wazazi walio mbali wapewe ukweli na picha, si faraja tupu. Tano, fedheha inayotoka nje ipewe saa yake maalumu, isiruhusiwe kukaa kitako nyumbani siku nzima.

Waswahili wengi wanaishi leo kwa namna ya wanandoa hawa, mume na mke katika chumba cha kupanga Guangzhou, Dubai, Muscat au Istanbul, biashara mkononi na watoto kwa bibi. Wengi wana daftari la mizigo lenye kila senti, na hawana ukurasa hata mmoja wa nyumba. Waulizane leo nani anapika, nani anadaiwa, nani anahitaji saa ya kunyamaza, na wayaandike majibu wakati mlango ungali wazi.